Theluji ikiyeyuka wenzetu wanauza raha, sisi pamba ikiisha tunauza sura

Wiki hii kona yenu inapanda milima ya theluji, halafu inateremka hapa hapa nyumbani. Kaa mkao wa kula.

Kule Ulaya na Marekani kuna milima ambayo kazi yake ni moja tu. Theluji ikidondoka, wenye nazo wanapandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, wakifika kileleni wanajifunga vibao viwili virefu miguuni na kuteremka kama wamefukuzwa na nyuki. Mchezo huo unaitwa skii. Raha tupu, lakini ni raha ya miezi minne mitano. Baada ya hapo theluji inayeyuka, mlima unabaki majani matupu, hoteli zinakosa wageni na vile viti vya waya vinabembea bila mtu. Na benki, nkoi, haijui kiangazi. Deni linadaiwa miezi yote 12.

Basi wajanja wakakaa wakajiuliza: kiti kipo, mlima upo, kwa nini tulale? Wakatandaza mfereji laini kutoka juu mpaka chini, wakatengeneza vigari vya kukaa mtu mmoja, vyenye mkono wa breki mbele yako. Unapanda kwa kiti kile kile cha wakati wa theluji, unashuka kwa kigari, kona baada ya kona. Ukisukuma mkono mbele unachapa mwendo, ukiuvuta unapunguza, na ukijifanya hujui uoga shauri yako, maana kwenye kona kuna watu wameacha ngozi za viwiko. Huko Bromley, jimbo la Vermont, Marekani, walifungua mfereji wao mwaka 1976. Siku hizi sehemu nyingi wameweka vigari vya kwenye reli ambavyo haviruki nje, wakaongeza waya za kuteleza juu ya miti, njia za baiskeli na kuta za kukwea. Mwaka 2011 Wamarekani walitunga sheria kabisa ya kuruhusu michezo ya kiangazi kwenye milima ya skii, kwa kuwa mingi imo kwenye misitu ya serikali. Tena dunia inavyozidi kupata joto, theluji yenyewe imeanza kuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo kigari kimeacha kuwa mchezo wa watoto. Ndicho kinacholipa mishahara.

Usiniambie hayo ni ya wazungu. Lesotho wana Afriski, kwenye milima ya zaidi ya mita 3,000. Wanateleza Juni hadi Agosti, wakati ule ule ambao wewe umepanga foleni ya mizani kwenye AMCOS. Theluji ikiisha, wanaleta baiskeli za milimani. Na ndugu zetu wanaokwenda Dubai kufunga mzigo wameiona Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka. Nje jua linachoma kichwa, ndani watu wamevaa makoti na mlima wa theluji wanao. Yaani Mwarabu wa jangwani kauza baridi!

Sasa tushuke. Bariadi theluji hatuna, labda mvua ya mawe ya siku moja moja. Lakini msimu tunao, tena mkali. Kuanzia Novemba tunapanda, tunapalilia, tunachuma. Ikifika Juni pamba inauzwa, ardhi inakauka, jembe linatundikwa. Hapo mpaka mvua zirudi kijana hana kazi ya shamba. Na hapo ndipo tunapopishana na wale wa milimani. Wao msimu wao mfu hauna wateja, inabidi wawatafute kwa vigari. Sisi msimu wetu mfu ndio una wateja, tena wenye hela taslimu mfukoni, ila hakuna anayewauzia raha ya maana. Wanaouza ni wawili: mwenye baa na mwenye dubwi.

Namjua kijana mmoja wa huku Itilima, pamba ya msimu mzima iliisha kwa siku nne mjini. Hakununua hata baiskeli. Alikunywa, akabeti, akalisha dubwi sarafu mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilipomuuliza akanijibu, "Kaka, sasa ningeenda wapi?" Nilitaka kumsema, nikakosa pa kuanzia. Kweli angeenda wapi? Kuzunguka stendi kuuza sura?

Wazee wetu swali hilo walishalijibu zamani. Jibu lilikuwa mbina. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu wanakutana uwanja mmoja, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake. Jaji hakuna. Jaji ni miguu yako: kundi linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana walileta chatu, wakaleta vichekesho, vinyago na vituko vya kila aina, na dawa za mvuto juu yake, ili tu usihamie kwa jirani. Ukiniuliza mimi, hiyo biashara ya burudani ina ushindani kuliko kigari chochote cha Vermont. Mwanza wenzetu wanayo Bulabo pale Bujora kila Juni, na wageni wanafunga safari kuiona. Sisi mwaka 2019 tulikuwa na Simiyu Jambo Festival hapa mjini, mbio za baiskeli zikaunguruma, Wagika na Wagalu wakatifua vumbi, mji ukajaa. Siku zile hata muuza michembe alitabasamu.

Halafu kuna Nyakabindi. Viwanja vile vilibeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Majengo yapo, geti lipo, na barabara ya lami inapita karibu. Kila Agosti panafurika watu wa Simiyu, Mara na Shinyanga, kuna ng'ombe wa maziwa, muziki na bembea za watoto. Kisha mabanda yanafungwa. Hiki ndicho kiti chetu cha waya, jamani, kinachobembea bila mtu, na hela ya pamba bado haijaisha mifukoni.

Sisemi tujenge reli ya kigari. Hatuna mlima wa maana, na mtambo wa aina hiyo bila fundi wa kuukagua kila asubuhi ni jeneza lenye magurudumu. Nasema tuanze na tulivyonavyo: ngoma kila Jumapili ya Juni hadi Septemba, kiingilio cha mia tano, mbio za baiskeli za mabinti na za vijana, bembea za watoto, na matobolwa pembeni. Anayetoka Mwanza kwenda Serengeti kwa geti la Ndabaka anapita Lamadi, humu humu mkoani kwetu. Anapita tu, hatuna tunachomwonyesha.

Najua kuna atakayesema tumpeleke Gamboshi, eti usiku panawaka taa kama New York. Stori za Gamboshi ni tamu kijiweni, sikatai. Ila Usukumani bibi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Kivutio cha kutangaza uchawi mimi kinanishinda, achia mbali.

Chatu wa Wagika anatosha kumfanya Mzungu apige yowe.

Kwa hiyo nina swali moja kwa wakubwa wa mkoa, na nitasubiri jibu hapa hapa kwenye kona. Maonyesho yakifungwa Agosti 8, tarehe 9 asubuhi ufunguo wa geti la Nyakabindi anabaki nao nani?