Ripoti ya Tabianchi Ijadiliwe City Hall, na Wakazi Wawepo

Kando ya Waiyaki Way, pale Westlands, umesimama mugumo unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 100, mrefu kama jengo la orofa nne. Mwaka 2020, barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti huo ulikuwa katika orodha ya kung'olewa. Wakazi na wanamazingira walipiga kelele, magazeti yakaandika, na Novemba 11 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri kwamba usiguswe. Mugumo ukapona. Miti mingine mingi iliyotia kivuli Uhuru Highway na Waiyaki Way ilikatwa.

Wapenda mazingira walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, inashangaza kwamba hatima ya mti mmoja ilibidi ifike Ikulu. Nairobi ina bunge lake la kaunti, linalokutana City Hall, lenye wawakilishi wa wadi 85 na wengine walioteuliwa, ambao hulipwa na mlipa kodi ili waite maofisa, wadai hesabu na wazuie mipango isiyofaa. Amri ya rais huja mara moja, tena kwa hisani. Bunge linalofuatilia kazi ya serikali mwaka baada ya mwaka lingeweza kuuliza habari za miti yote ile mapema, mchoro wa barabara ukiwa bado mezani.

Sheria ya kuliwezesha bunge hilo kuuliza ipo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 kinasema kila mwaka wa fedha unapokwisha, waziri wa kaunti aliyekabidhiwa masuala ya tabianchi atawasilisha kwenye bunge la kaunti ripoti ya hatua zilizotekelezwa, ili ichunguzwe na kujadiliwa. Sheria haimpi waziri nafasi ya kuchagua. Mwaka wa fedha hukamilika Juni 30, na kuanzia hapo kila mkazi wa Kawangware, Kileleshwa, Kangemi au Karen ana haki ya kuuliza: ripoti iko wapi, inajadiliwa lini, na mwakilishi wa wadi yangu atasema nini?

Wachache huuliza. Mwakilishi wadi akionekana mtaani huombwa basari, changarawe ya barabara, taa ya mlingoti au mchango wa mazishi. Mahitaji hayo ni ya kweli na hakuna wa kuyabeza. Lakini mwakilishi ambaye hajawahi kuulizwa kuhusu mto unaopita nyuma ya nyumba za watu wake hana sababu ya kuuliza habari za mto huo City Hall.

Mto wenyewe unajieleza. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, maji yakiwa bado maji. Hushuka kupitia Dagoretti, ambako vichinjio viliwahi kufungwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, kwa sababu ya uchafu uliokuwa ukiishia mtoni. Hupita mitaa ya Kawangware isiyo na mabomba ya kutosha ya majitaka, ukazunguka bustani za Lavington, ukafika Chiromo na Museum Hill. Ukifika mzunguko wa Globe na gereji za Kirinyaga Road huwa umebeba samadi, plastiki na mafuta machafu, na bado una safari ya kwenda Gikomba na ng'ambo yake. Katika safari hiyo yote mto hupita wadi baada ya wadi, na kila wadi ina mtu aliyechaguliwa. Hakuna hata hatua moja ya mto huo isiyo na mwakilishi.

Kingo za mito ya jiji nazo zina historia. Agosti 2018 matingatinga yalibomoa Ukay Centre, jengo la biashara lililokuwa juu ya mkondo wa mto pale Westlands, na mwezi huohuo yakaangusha kituo cha mafuta na mkahawa Kileleshwa na jumba la South End, Langata. Watu walipiga picha na kupongeza. Lakini majengo hayo hayakuota kama uyoga baada ya mvua. Yalikuwa na stima, maji, wapangaji na leseni za biashara zilizolipiwa miaka nenda miaka rudi. Mtu alichora, mtu akaidhinisha, mtu akakagua, mtu akapokea ada. Ubomoaji uliadhibu simiti na kuwaacha waliopiga muhuri.

Miaka 6 baadaye, masika ya 2024, mafuriko yaliua mamia ya watu nchini, na jijini waliozolewa zaidi ni wa vibanda vya Mathare na mabonde mengine ya maskini. Serikali iliamuru wahame kando ya mito, na matingatinga yakarudi, safari hii kwa mabati. Hapa ndipo jukumu la bunge linapoonekana kwa uchungu. Orodha ya vibali vya ujenzi vilivyotolewa karibu na mito Kilimani, Kileleshwa na Lavington, ambako magorofa yameota mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani, ni hati ya umma. Kamati ya bunge la kaunti inaweza kuidai. Kifungu cha 195 cha Katiba kinalipa bunge hilo na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu. Uwezo huo ukitumika kabla ya mvua, watu hawatahesabiwa baada ya mvua.

Nairobi inajua pia bunge linapokuwa upande usiofaa hali huwaje. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement aliandika barua, akauliza nani atalipa na kwa nini bustani ya watu igeuzwe ofisi. Wabunge, badala ya kuchukua maswali hayo na kumrushia waziri, walitumia muda wa kikao kumkejeli mama huyo, hadi kuchokonoa habari za ndoa yake iliyovunjika. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali. Jumba halikujengwa: wafadhili walirudi nyuma na mradi ukafa, kwa sababu mwanamke mmoja na waliomuunga mkono hawakunyamaza. Agosti 27, 2010, katika bustani hiyohiyo, Kenya ilizindua Katiba mpya.

Katiba hiyo ilibadilisha kazi ya wabunge. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti katika angalau asilimia 10 ya nchi na kuwashirikisha wananchi kutunza mazingira. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Kwa kaunti, kifungu cha 196 kinataka vikao viwe wazi kwa umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mkazi kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti.

Sheria ya tabianchi yenyewe ilizaliwa kwa mvutano wa namna hiyo. Mswada wa kwanza ulipita Bungeni, lakini mapema mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini, sababu mojawapo ikiwa umma haukushirikishwa vya kutosha. Ilibidi waanze upya. Mbunge wa Emuhaya wakati huo, Wilber Ottichilo, alirudisha mswada, ukajadiliwa kwa miaka kadhaa, na Mei 2016 ukawa sheria. Waliochoshwa na kuchelewa huko walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini wananchi walipata mfano ambao ni wao kuutumia: mswada wa mazingira usiopitia mikononi mwao unaweza kurudishwa ulikotoka.

Wamewahi kuutumia. Mwaka 2021 ulichapishwa mswada wa kurekebisha Sheria ya Misitu, uliotaka kuondoa kipengele kinacholazimu Shirika la Huduma za Misitu kuchuja kwanza maombi ya kumega ardhi ya misitu ya umma. Kwa jiji ambalo Msitu wa Ngong Road ulitangazwa mwaka 1932 ukiwa na hekta 2,926 na leo umebaki na takriban 1,224, kipengele hicho ni ukuta. Mapema 2022 wanamazingira, Green Belt Movement miongoni mwao, waliwaandikia wabunge, wakakusanya sahihi na kwenda kwenye vyombo vya habari. Mswada haukuwa sheria. Walioupinga hawakusubiri mahakama wala rais. Walifika wakati mswada ungali na kamati, na huo ndio wakati ambao maneno ya mwananchi huwa na uzito mkubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Kisha ukaja Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na ushuru wa mazingira, uliogusa vitu kama nepi, betri na vifaa vya kielektroniki. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakawapigia wabunge simu usiku na mchana. Serikali ilikuwa imepachika jina la mazingira juu ya kodi ambayo haikueleza ingesafisha mto gani au jaa gani. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya wiki hizo, na Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Gharama ile haipaswi kulipwa tena na mama yeyote. Lakini uwezo uliojitokeza, wa maelfu ya watu wa kawaida kusoma hati ya serikali na kuielewa kuliko wanaoipigia kura, bado upo mitaani, na ndio hasa unaohitajika kwenye meza za kamati za mazingira, mwezi wowote, bila gesi ya kutoa machozi.

Mataifa mengine yametangulia katika hili. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2008, ina kamati huru ya tabianchi ambayo huwasilisha ripoti Bungeni kila mwaka, na serikali hulazimika kujibu. Septemba 2023 Kenya iliwakaribisha viongozi wa Afrika katika jumba la mikutano la KICC kwa Kongamano la Tabianchi, siku chache baada ya kutia saini marekebisho ya sheria ya tabianchi ya kusimamia biashara ya kaboni. Azimio la Nairobi lilisomwa mbele ya kamera za dunia. Ukivuka barabara kutoka KICC unafika City Hall. Jiji lililotoa jina lake kwa azimio la bara zima linapaswa kuwa la kwanza kusomewa hesabu ya tabianchi na serikali yake yenyewe.

Kwa hiyo wito huu ni kwa vyama vya wakazi wa Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Karen. Kwa makundi ya vijana wa Kangemi, Kawangware na Riruta wanaozoa taka mtoni kila Jumamosi. Kwa mafundi wa Kirinyaga Road, wachinjaji wa Dagoretti, makanisa na misikiti. Wenye mawakili na wenye mabuti ya mpira wanategemea mabonde yaleyale, na wakienda City Hall kila mmoja kivyake watasikilizwa kivyake.

Barua ya kwanza iende kwa serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ikiomba nakala ya ripoti ya tabianchi ya mwaka wa fedha uliokwisha na orodha ya vibali vya ujenzi kando ya mito. Ofisi hiyo ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, na barua iliyopuuzwa inakuwa kielelezo.

Baada ya hapo liandikwe ombi kwa karani wa bunge la kaunti. Halihitaji Kiingereza cha kuazima: sheria ya maombi ya Bunge la taifa inakubali Kiswahili waziwazi, na hakuna sababu bunge la kaunti likatae lugha ya taifa. Liwe fupi na la heshima, lieleze ni ofisi gani zilizokwisha kuombwa msaada, litaje mto kwa jina na mahali kwa jina, na lidai mambo matatu: ripoti iwasilishwe, kamati ya mazingira imwite waziri kikao kikiwa wazi, na kila mwakilishi wa wadi inayopitiwa na mto aseme msimamo wake ukiandikwa katika kumbukumbu za bunge.

Wakati wa kufanya hivyo ni Julai na Agosti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata sharti uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na fedha za mitaro, majitaka na miti zisizoingia katika mpango huo ni vigumu kuziingiza kwenye bajeti mwezi wa Aprili. Siku ya mjadala, viti vya umma vijae. Wanaokwenda wabebe picha za mto zenye tarehe, nakala ya ombi lililogongwa muhuri wa kupokelewa, na karatasi ya kuandika jina la kila mwakilishi aliyezungumza na la kila aliyekuwa nje ya ukumbi.