KIONGOZI WA NJIA SI BOYI WETU



Tangu mwanzo wa mwaka huu, mutu akipita mbele ya kalasi zetu anasikia swali moja tu: safari ya baiskeli itakuwako ao haitakuwako? Wengine wanasema Baba Prefe amekwisha kuikataza. Si kweli. Aliniambia mimi mwenyewe kwamba kamati ya wazazi itakutana kiisha Pasaka, na kwamba anataka kusikia wanafunzi wanawaza nini. Basi ninaandika mawazo yangu hapa, wazi, mbele ya wote.

Kwanza niwaeleze wale wa kalasi za chini ambao hawakuwako. Mwaka jana, katika likizo ya mwezi wa saba, wanafunzi kumi na wawili pamoja na mwalimu mumoja tulienda kaskazini, upande wa Kundelungu, na baiskeli na hema, kwa siku sita. Kamio ilitupeleka mpaka pale barabara inapoanza kuharibika, kiisha tukapanda kinga. Kundelungu ni pori la kulindwa la taifa tangu 1970. Juu yake ni uwanda mukubwa wa majani, miti michache, muchanga mingi, na usiku wa kiangazi baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa. Kule muto Lofoi unafika kwenye ukingo wa mulima na kuanguka zaidi ya mita 300, kiisha unaenda kujiunga na Lufira. Katika geografia tunafundishwa maporomoko ya Victoria, nayo urefu wake ni mita 108 tu. Haya yetu, yaliyo ndani ya inchi yetu wenyewe, wangapi kati yetu wameyaona hata kwa picha?

Sasa nasikia maneno mengi juu ya safari hii. Nitajibu moja moja.

Wako wanaosema: baiskeli ni kazi ya wachuuzi wa makala, ni haya kwa mwanafunzi wa sekondari. Hao wanataka tukodi bisi, twende kula kuku na kucheza muziki muji, turudi magaribi. Ndugu zangu, mujue historia. Ile baiskeli ya mulima ambayo munaiona katika televizyo, vijana wa California ndio walianza nayo katika miaka ya 1970, karibu na mulima Tamalpais. Hawakuanza na vyombo vya bei. Walikamata baiskeli za zamani, nzito, za pine kubwa, wakashuka nazo katika njia ya mawe. Katika mashindano yao ya 1976, freni ya nyuma ilipata moto sana hata grisi yote ikaungua, wakapaswa kuijaza tena kila mara. Ndiyo sababu mashindano yale yaliitwa Repack. Miaka makumi mawili kiisha pale, katika 1996, muchezo huo uliingia katika Olimpiki kule Atlanta. Basi angalieni asubuhi kwenye barabara yetu. Baba mumoja anasukuma mifuko mbili hata tatu ya makala juu ya baiskeli moja, anapanda kilima bila kupumzika. Kama kuna mutu anayejua baiskeli ya mulima katika Katanga, ni yeye. Haya iko wapi?

Wengine wanasema: twende, lakini bila kiongozi, kwa sababu anakula feza na simu inaweza kutuonyesha njia. Neno hili ndilo linaniuma, kwa sababu mwaka jana mimi nilikuwa na wazo kama hilo. Yaliyotokea wengi mumesikia nusu tu. Nitasema yote.

Kiongozi wetu alikuwa Papa mumoja wa kijiji cha kule. Kazi yake ni kubeba vitu na baiskeli: makala, samaki kavu, chumvi. Hakumaliza shule ya msingi. Siku ya pili, saa tisa, tulifika kwenye kijito kidogo. Mwalimu alikuwa amebaki nyuma na mwanafunzi ambaye pine yake ilitoboka, na alikuwa ameniachia mimi kikundi cha mbele. Papa akasema: «Tulale hapa. Mbele hakuna maji mpaka kesho.» Mimi nikatazama jua, nikatazama simu. Kwenye simu kulikuwa na njia nyeupe, nzuri kabisa. Nikamujibu kwamba tuko na saa tatu za mwangaza, na kwamba yeye anataka kuongeza siku ili alipwe zaidi. Ndivyo nilivyosema, mbele ya wadogo. Akanyamaza. Hakuweza kuwaacha wale wengine, kwa hiyo alibaki kungoja mwalimu. Mimi nilienda, na wanne wakanifuata kwa sababu mimi ni kapita.

Kiisha saa moja njia iligawanyika mara mbili, kiisha mara tatu. Simu ilionyesha njia moja tu. Tukafuata ile iliyo pana zaidi, yenye alama nyingi za pine. Ilitupeleka mpaka mahali pa miti iliyokatwa na udongo mweusi, na pale ikakoma. Ilikuwa njia ya wachoma makala. Njia za namna hiyo haziendi popote, zinafika kwenye tanuru na zinarudi. Wakati huo jua lilikuwa limeshuka, na simu ilikuwa karibu kuzimika. Maji yetu yalikuwa chupa moja kwa watu watano. Tulilala pamoja kama mbuzi, bila hema, kwa sababu hema zilikuwa na wale wa nyuma. Mbali tuliona moto wa majani ukitembea juu ya kilima, na hatukujua kama unakuja kwetu. Mudogo mumoja wa kalasi ya nne alilia usiku kucha, akiniuliza saa ngapi. Sikuwa na jibu la kumupa.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, Papa alifika. Alikuwa anasukuma baiskeli yake na bidoni mbili za maji. Alikuwa amefuata alama za pine zetu kwa tochi. Nilingoja matusi. Alisema tu: «Kunyweni polepole. Kiisha tutasemezana.» Baadaye, tulipokuwa njiani, alinionyesha kitu ambacho sikukiona: baiskeli yenye muzigo wa makala inakata muchanga kwa nguvu, na ile isiyo na muzigo inapita juu juu. Mutu akichunguza muzigo ulienda upande gani, anajua wapi ni muji na wapi ni tanuru. Hakuna simu iliyonifundisha neno hilo.

Siku iliyofuata tulimukuta mulinzi wa pori, tukaenda naye mpaka ukingo wa Lofoi. Wakati wa kiangazi maji yanapunguka, lakini kusimama pale, kuona chini bonde la Lufira na ndege wakiruka chini ya miguu yako, sitasahau mpaka uzee.

Sasa neno ambalo halikuandikwa katika ripoti ya safari. Tuliporudi, sanduku la feza lilikuwa mikononi mwangu. Wamoja wakasema: kiongozi alipoteza watu watano, akatwe. Nilijua vizuri nani aliwapoteza. Lakini nilikuwa na haya, na haya yangu ikatafuta mutu wa kuibeba. Nikakata theluthi moja ya malipo yake, nikatia sahihi. Papa alihesabu feza, akaniangalia, akasema asante, akapanda kinga yake. Na theluthi ile tulinunulia limonadi na mikate njiani. Wote mulikunywa. Mimi pia nilikunywa.

Wazazi wetu wanasema safari hii ni hatari, na kwamba afazali ikomeshwe. Ninawaheshimu, tena nawaelewa, kwa sababu mama wa yule mudogo alikuja kuniuliza na sikuweza kumuangalia machoni. Lakini ninawaomba waangalie hatari ilitoka wapi. Haikutoka kwa baiskeli, wala kwa pori, wala kwa kiongozi. Ilitoka kwa kijana mwenye cheo kidogo aliyefikiri kwamba mutu asiye na diploma hawezi kumuambia kitu. Mukikataza safari, kijana yule atabaki vilevile, na kesho atakuwa dokta, ao hakimu, ao mukubwa wa kampuni, na atawatendea wengine hivyo hivyo. Pori lilinifundisha kwa usiku mumoja kitu ambacho miaka sita ya kalasi haikunifundisha.

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya. Safari iendelee, lakini kwa sheria zilizoandikwa. Njiani, juu ya maji, mahali pa kulala na saa ya kusimama, neno la kiongozi ni la mwisho, hata kapita akiwa na maneno, hata mwalimu. Hakuna mutu kupita mbele yake. Kila baiskeli ibebe maji yake na blanketi yake, si kuyaacha kwa wenzake. Malipo yapatanwe mbele ya mwalimu, yaandikwe, nusu apewe kabla ya kutoka na nusu siku ya kurudi, na mwanafunzi asiwe na ruhusa ya kukata hata kidogo. Na jioni kiongozi ale bukari pamoja na sisi kwenye sahani moja, si pembeni peke yake kama ilivyokuwa mwaka jana.

Musiseme ninajitetea nipate kwenda tena. Mimi niko mwaka wa mwisho. Wakati ninyi mutakapokuwa mukifunga hema, mimi nitakuwa nimekwisha kumaliza mutihani wa Serikali na kuondoka hapa. Safari hii si yangu tena, ni yenu.

Lakini deni ni langu, na ni letu wote tuliokunywa limonadi ile. Siku ya tano, saa ya mapumziko, nitakaa mbele ya maktaba na lile sanduku. Feza ya kwanza itakuwa yangu. Wale kumi na mumoja wengine, mimi ninawajua kwa majina na sitayaandika hapa. Mwalimu wetu amekubali kumupelekea Papa theluthi yake, pamoja na barua. Na iende kabla kamati haijakutana, ili mutu asiseme tulilipa kwa kununua ruhusa.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho