Kabla ya kununua koili nyingine

Mwenye nyumba wa Susuni au Tarime mjini akioga maji ya uvuguvugu alfajiri ya Julai, kinacholaumiwa kwanza ni hita. Mara nyingi kasoro iko kwenye umeme.

Hita ndogo inayofungwa kwenye bomba la mvua bafuni hula wati 5,500 hivi umeme ukiwa volti 230. Ukishuka hadi volti 180, nguvu ya koili haipungui kidogo tu: hubaki wati 3,370 hivi, yaani chini ya theluthi mbili. Kubadili koili hapo ni kutupa pesa. Fundi apime volti kwanza, tena hita ikiwa inafanya kazi.

Hita isiyowaka kabisa ina kisa kingine. Simtanki likiwekwa chini mno, maji hukosa msukumo wa kubonyeza kiwambo kinachounganisha umeme. Kuliinua tangi huweza kutosha. Bomba likiwa limejaa hewa badala ya maji, kama yanaporudi baada ya kukatika, koili huungua upesi.

Linalotisha zaidi ni waya wa ethi kuachwa ukining'inia, eti maji yanapata moto hata bila huo. Kweli yanapata. Lakini hitilafu ikitokea ndani ya hita, umeme hukosa njia salama ya kwenda ardhini na unaweza kumpiga anayeoga. Wenye hita wamwite fundi mwenye leseni ya EWURA akague ethi hiyo wiki hii, kabla mtoto hajafungua bomba.