JINA NA ASILI YAKE: Cedric
Jina Cedric lilitokana na kosa. Mwaka wa 1819, Mskoti Walter Scott alimpa mhusika wa riwaya yake, Ivanhoe. Inaaminika alikusudia Cerdic, mfalme wa kale wa Wessex huko Uingereza, lakini akazigeuza herufi. Cerdic huhusishwa na neno la Kiselti lenye maana ya upendo.

Jina lilivuma baada ya mwaka wa 1886, Frances Hodgson Burnett alipomwita hivyo mvulana mwema wa Little Lord Fauntleroy. Siku hizi ni nadra Uingereza.

Kosa la Scott halikumdhuru mtu. La cheti cha kuzaliwa ni balaa. Mzazi, kikague herufi kwa herufi kabla hujaondoka nacho, mwanao asije akahangaika akiomba kitambulisho.