Shingo Inayobeba Mzigo wa Nyumba Nzima



Juma hili naomba tuzungumze habari za shingo. Sisemi ile shingo ngumu ambayo manabii waliikemea katika Israeli, bali shingo hii ya mifupa na misuli, inayokaza alfajiri hata mtu akashindwa kugeuka kumwitikia aliyemwita. Huenda mtu akasema kwamba hili ni jambo la daktari, si la padre. Ni kweli, tiba ni kazi ya daktari. Lakini namna tunavyoitafuta tiba, mahali tunapokimbilia kwanza, na jinsi tunavyowaachia wagonjwa mizigo ileile iliyowaumiza, hayo ni mambo ya nyumba zetu na ya dhamiri zetu, na hapo padre ana neno la kusema.

Neno lenyewe ni hili: shingo nyingi zinazouma katika mitaa yetu hazitapata nafuu ya kudumu kwa kidonge wala kwa kukandwa, mpaka mtu mwingine nyumbani akubali kupokea sehemu ya mzigo.

Tuanze na shingo yenyewe. Ina pingili saba, na juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo zipatazo 5. Ndani ya pingili hizo unapita mshipa mkuu wa fahamu utokao ubongoni, na kati ya pingili na pingili hutoka mishipa midogo iendayo mabegani na mikononi. Ndiyo maana mtu mwenye tatizo la shingo huweza kulalamika ganzi ya vidole. Kichwa kikiwa wima, shingo hukibeba bila shida. Kikiinamishwa mbele kwa saa nyingi, misuli ya nyuma hufanya kazi ya kukizuia, nayo huchoka kama mkono wa mtu aliyenyoosha ndoo mbele yake.

Basi tazameni kazi zetu hapa Mabawa na Tanga kwa jumla. Fundi cherehani huinamia kitambaa tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa. Mama hutia kata kichwani, juu ya kata ndoo ya lita 20, nayo ni kilo 20 za maji bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mchuuzi huzunguka mitaani na beseni la samaki au machungwa ya Muheza. Karani hukodolea kompyuta, na kijana hulala na simu mkononi, kidevu kimegusa kifua. Dunia nzima ina taabu hii: wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 walikuwa na maumivu ya shingo. Nako Limpopo, Afrika Kusini, watafiti walioandika mwaka 2010 kuhusu wachotaji maji waliona kwamba chombo kimoja kilikuwa na uzito wa wastani wa kilo 19.5, kwamba wabebaji walikuwa hasa wanawake na watoto, na kwamba wengi wao walilalamikia maumivu ya shingo au mgongo. Nani kati yetu atasema hiyo ni habari ya ugenini?

Sasa tuangalie milango tunayobisha tunapotafuta nafuu.

Mlango wa kwanza ni duka la dawa. Mtu hununua diklofenaki, humeza siku tatu, hupata nafuu, hurudi kwenye ndoo yake, na juma lifuatalo hununua tena. Dawa hizi zina kazi yake, zikitumika siku chache kwa ushauri wa mtaalamu. Zikigeuzwa chakula cha kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo na kutokwa damu, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Wazee wetu na wenye ugonjwa wa moyo au figo wako hatarini zaidi. Kidonge kimenyamazisha kengele tu. Moto bado unawaka.

Mlango wa pili ni kiti cha kinyozi. Vijana wetu wengi wakimaliza kunyolewa hukandwa mabega, kisha kinyozi hushika kidevu na kisogo na kuzungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie. Mteja hutabasamu na kulipa. Kukandwa taratibu hakuna ubaya. Lakini ndani ya mifupa ya shingo hupanda mishipa miwili ya damu iendayo ubongoni, na madaktari wameandika habari za watu ambao mshipa huo ulichanika baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu, wakapata kiharusi. Ni nadra, nakubali. Hata hivyo, hakuna sababu ya kuuweka rehani ubongo wako kwa ajili ya mlio mmoja. Mwambie kinyozi wako kwa heshima: nywele ndiyo, shingo hapana.

Mlango wa tatu ni wa tiba asili. Siwadharau wanaoijua kazi hii. Mkoa wetu una historia ya kujivunia: mapema katika miaka ya 1990 madaktari na waganga wa jadi wa Tanga na Pangani walianza kushirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kazi iliyojulikana kwa jina la Tanga AIDS Working Group. Serikali nayo ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Mkandaji mwenye mikono mizuri na mafuta ya nazi ya moto huweza kulegeza misuli iliyokaza. Ninachokikataa ni pale ambapo mgonjwa anaambiwa kwamba ametupiwa jini, na kwamba aliyemtupia ni jirani au mkwe. Hapo shingo haijapona, na undugu nao umevunjika. Nakataa pia kuchanjwa kwa wembe uliokwisha kutumiwa kwa mwingine.

Mlango wa nne ni maombi, na hapa nasema kama padre wenu. Wengi mnakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, watu wakanywe kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Walikwenda matajiri na maskini, wasomi na wasiosoma. Siwacheki. Mtu aliyechoka na maumivu, na aliyechoka na gharama, hushika lolote linaloelea. Lakini Kanisa halijafundisha kamwe kwamba kumwomba Mungu ni kumkimbia daktari. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na anatukumbusha kuwa mwenye busara hadharau dawa zitokazo ardhini. Mpako wa wagonjwa na kituo cha afya havigombani. Anayekuambia uchague kimoja hakutakii mema.

Kuna nyakati ambazo milango yote hiyo iachwe, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Naomba mzikariri.

Mosi, shingo iliyokaza pamoja na homa, kichwa kuuma sana au kuchanganyikiwa. Hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, nayo huua kwa saa, si kwa majuma.

Pili, maumivu ya shingo baada ya ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka kwenye mnazi. Majeruhi huyo asinyanyuliwe kwa mikono na kubanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Kichwa chake kishikiliwe kisiyumbe, alazwe juu ya ubao au kitu kigumu, usafiri ufuate.

Tatu, mikono au miguu kupoteza nguvu, ganzi inayozidi, kuyumba wakati wa kutembea, au kushindwa kuzuia haja.

Nne, maumivu yasiyotulia hata usiku, pamoja na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku. Kifua kikuu hakiishii kifuani. Hula pia pingili za mgongo na shingo. Katika nchi yetu matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya serikali, basi aibu ya nini?

Tano, maumivu ya shingo na taya yanayoambatana na kubanwa kifua na jasho jembamba. Hapo moyo ndio unaolia.

Kwa mambo haya tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo hapa hapa mjini, na yakizidi, rufaa huenda KCMC Moshi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Asiye na dalili hizo ana habari njema: maumivu mengi ya shingo hupungua ndani ya majuma machache. Asilale kitandani siku nzima, wala asivae kola ya shingo kwa kujiamulia, kwa maana shingo isiyotumika hudhoofika. Ageuze kichwa taratibu kulia na kushoto, ainue na kushusha mabega, mara kadhaa kwa siku. Aweke kitambaa cha maji ya moto, kisichounguza. Mto wa kulalia uzibe tu nafasi kati ya bega na kichwa, usikisukume kichwa juu. Fundi na karani wasimame kidogo kila nusu saa, na simu iinuliwe usawa wa macho. Yasipopungua, mwombeni daktari awapeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Msisikitike mkirudi bila sindano wala picha ya eksirei. Watu wengi waliovuka miaka 40 wana pingili zilizochakaa kwenye picha na hawaumwi popote. Daktari anayewafundisha mazoezi hajawanyima tiba, ndiyo amewapa.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mama anarudi kutoka hospitali. Ameambiwa asibebe ndoo kichwani kwa muda, apumzike, afanye mazoezi asubuhi na jioni. Anafika nyumbani, pipa ni kavu. Mume yupo, vijana wawili wenye mabega mapana wapo, na hakuna aliyenyanyuka. Mazoezi yatafanyika saa ngapi? Kesho kata itarudi kichwani, na keshokutwa tutasema dawa za hospitali hazifai.

Tumezoea kumwambia mtu huyo maneno mepesi: vumilia, mama. Naomba tuwe waangalifu na neno hilo. Uvumilivu ni fadhila pale mtu anapobeba kwa hiari kile kisichoweza kuondolewa. Kumwambia mwenzako avumilie mzigo ambao wewe ungeweza kuupokea si kumfundisha fadhila, ni kujipatia mapumziko kwa gharama ya shingo yake. Waswahili walikwisha kutusuta zamani: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa juu ya kichwa cha mwingine huonekana mwepesi daima. Ujaribu wewe.

Wapo watakaoniambia kwamba kuchota maji ni kazi ya wanawake tangu enzi za mababu, na kwamba kijana wa kiume akionekana na ndoo atachekwa. Nawauliza: ni kijana yuleyule asiyechekwa akipakia magunia sokoni kwa ujira? Basi aibu haimo katika mzigo. Imo katika kutolipwa. Na kama tunaona aibu kumfanyia bure mama yetu kile tunachomfanyia mgeni kwa shilingi, kuna kitu kinauma ndani yetu kuliko shingo. Aidha, kuna baiskeli katika mji huu wa Tanga kuliko miji mingi. Dumu mbili nyuma ya baiskeli hazimuumizi mtu shingo. Dumu za lita 10 mbili, moja kila mkono, ni afadhali kuliko ndoo moja ya 20 kichwani.

Wajane na wazee wasio na vijana nyumbani tusiwasahau. Jumuiya zetu ndogo ndogo hukutana kila juma. Kabla ya kufunga sala, kiongozi aulize swali moja: nani kati yetu amekatazwa na daktari kubeba? Kisha wapangwe wawili wa kumchotea maji kwa mwezi mmoja, na mmoja wa kumsindikiza hospitali siku yake. Halihitaji harambee wala barua ya mwaliko.

Bwana wetu aliposema habari za nira iliyo laini na mzigo ulio mwepesi, wasikilizaji wake walijua vizuri kwamba nira hukaa shingoni, na kwamba hutengenezwa kwa ajili ya wawili. Jumamosi hii, kabla jua halijawa kali, mwenye mabega yasiyouma aichukue ndoo.

Nawatakia juma jema. Mungu awabariki.