Mikopo ya serikali yaishia nje ya lango la Dzaleka

LILONGWE — Wafanyabiashara wanaoingiza vitenge na vipodozi Malawi kupitia Kasumulu wana wateja wa aina mbili. Yupo raia mwenye kibanda Area 36 jijini Lilongwe, na yupo mkimbizi wa Kongo au Burundi mwenye duka katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Bidhaa ni zilezile. Tofauti huonekana mtaji unapokata.

Raia anaweza kujiunga na kikundi na kuomba mkopo NEEF, mfuko wa serikali uliorithi kazi ya MARDEF na MEDF na kupewa jina la sasa mwaka 2020. Mkimbizi haruhusiwi kuomba, kwa kuwa mfuko huo ni wa Wamalawi.

Malawi si peke yake katika hili. Hustler Fund ya Kenya, iliyozinduliwa Novemba 2022, hutaka kitambulisho cha taifa. Tanzania nayo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu walio raia. Ila Uganda, kwa sheria yake ya 2006, humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, hivyo asiyepata mkopo anaweza angalau kuifuata biashara mjini.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiwekea mipaka katika vifungu vya ajira na uhuru wa kutembea. Dzaleka ilifunguliwa 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi kambini, na Mei polisi wakawakamata mamia Lilongwe. Maduka yalifungwa, na madeni ya wauzaji wa jumla yakabaki hewani.

Kwa hiyo pengo la mtaji Dzaleka huzibwa na vikundi vya kuweka na kukopa, na anayetoa mali kauli kutoka Mbeya au Kariakoo. Huyo hubeba hatari mbili. Mbali na amri ya kuhama, ipo kwacha, iliyoshushwa thamani Novemba 2023 kutoka takriban 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Aliyekuwa akidai kwacha milioni 1.7 alitegemea dola 1,440. Alipolipwa, zilikuwa 1,000.

Ni kweli kwamba fedha za NEEF haziwatoshi hata raia, na kuzigawa kwa wageni kungezua ugomvi. Lakini leseni ya biashara na kibali cha kutembea havihitaji fungu la bajeti. Mwenye navyo hununua mjini, hulipa ada na kodi, na mdai wake anajua pa kumpata.

Hadi hapo, mali kauli ya Dzaleka iwe ya kiasi kidogo na muda mfupi. Mteja anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado duka lake likafungwa kwa tangazo moja.