Kufuta Jina si Kutunza Siri

Kila wizara, halmashauri na shule inayoingiza kumbukumbu zake katika kompyuta haina budi kujibu swali moja ambalo aghalabu huachiwa mafundi peke yao: je, taarifa za watu zilizomo zifunikwe, au ziachwe zionekane kama zilivyo? Swali hilo si la mafundi. Ni la viongozi wenye dhamana.

Kufunika taarifa ni kuweka cha bandia mahali pa kilicho halisi, kwa mfano jina jingine au namba nyingine ya akaunti, ili mfumo ufanye kazi bila kumfichua mtu. Wapo wanaodai kwamba mfumo wenye nywila hauhitaji jambo hilo. Hoja hiyo ni dhaifu. Nywila humzuia mgeni mlangoni, lakini haimzuii aliyekwisha kuingia ndani. Fundi anayejaribu programu ya mishahara hana haja ya kujua deni la mwalimu fulani. Haja yake ni kuona kama hesabu zinajumlishwa sawasawa. Akipewa nakala ya orodha halisi, siri za watumishi zimekabidhiwa asiyehusika nazo.

Wengine hudhani kwamba kufuta majina kunatosha. Katikati ya miaka ya 1990, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kumbukumbu za matibabu za watumishi wa serikali zilitolewa kwa watafiti baada ya kuondolewa majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, alizipata kumbukumbu za Gavana William Weld mwenyewe. Vivyo hivyo, mwalimu wa kike aliye peke yake katika somo la Fizikia wilayani hutambulika hata jina lake likifutwa.

Hata hivyo, si kila kitu cha kufunikwa. Daktari lazima amjue mgonjwa wake, na idadi ya madawati haina siri. Kipimo ni maswali matatu: nani ataziona taarifa hizo? Je, kazi yake inamlazimu kuzijua? Na zikivuja, nani ataumia?

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zitumike kwa kusudi lililozikusanya. Mwananchi aliyeandikisha mtoto shule hakukusudia jina la mwanawe liwe chombo cha kujaribia programu.

Hivyo basi, ni wajibu wa kila mkuu wa idara kuyajibu maswali hayo kwa maandishi kabla nakala ya kwanza haijatolewa. Maji yakimwagika hayazoleki.